Alama iko sifuri, rota inatazama namba moja, mbona injini inatema moto kwenye kabureta?

#1 Spana Kumi
Wakuu, salamu. Nilichomoa distribyuta (kile kifaa kinachogawa cheche kwa kila plagi) ya injini yangu ya silinda nne kwa sababu ndogo tu: ringi ya mpira iliyo shingoni mwake ilikuwa imekauka, na oili ilikuwa ikitiririka taratibu ubavuni mwa bloku hadi kulowesha starta. Ni injini ya kizamani yenye kabureta na pointi, yaani swichi ndogo ndani ya distribyuta ambayo ikifunguka cheche huruka. Distribyuta imesimama wima, inazungushwa na gia ya kamshafti, na ncha yake ya chini ndiyo inayoendesha pampu ya oili. Kabla ya kuichomoa nilichora mstari mweupe kutoka kwenye kiwiliwili chake hadi kwenye bloku, nikachora na mwingine ukingoni kuonyesha rota, ule mkono wa juu unaozunguka na kupeleka cheche, inakotazama, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi wowote.

Nilipokwenda kutafuta ringi mpya, mdogo wangu aliona ni vyema autumie muda huo kukaza mkanda wa feni, akaizungusha krenki kwa spana, kwa maneno yake mwenyewe, "kidogo tu". Niliporudi niliizungusha puli ya krenki hadi alama ikakaa sawasawa kwenye sifuri, nikairudisha distribyuta huku rota ikitazama mguu wa waya wa plagi namba moja, nikakaza. Sasa nikipiga starta injini haiwaki. Inakohoa, na mara mbili imetema moto kupitia mdomo wa kabureta. Hoja yangu ni kwamba alama ikiwa sifuri na rota ikiwa namba moja, taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka, haiwezi kuwa na kosa, na ubovu utakuwa kwenye koili au kondensa. Nani ananipinga?

#2 Fundi Mstaafu
Mimi nakupinga. Injini ya hatua nne huzungusha krenki mara mbili ili kila silinda iwake mara moja, na alama ya puli hupita sifuri katika mizunguko yote miwili. Mara ya kwanza pistoni namba moja iko juu ikiwa imemaliza kugandamiza, nayo inasubiri cheche. Mara ya pili iko juu vilevile, lakini imemaliza kusukuma moshi nje na valvu ya kuingiza hewa imeanza kufunguka. Ukiipa cheche wakati huo, moto hauna pa kwenda ila kwenye kabureta. Baada ya mdogo wako kugusa spana, ile alama ya rota uliyoichora ilipoteza maana yake, na wewe ukabaki na nafasi moja kati ya mbili ya kupatia. Hukupatia. Distribyuta yako imekaa kinyume, digrii 360.

#3 Kipimo Kwanza
Naunga mkono maelezo ya mzee hapo #2, isipokuwa namba. Krenki ndiyo iliyo nje kwa digrii 360. Distribyuta huzunguka kwa nusu ya mwendo wa krenki, kwa hiyo yenyewe imekosea kwa digrii 180. Tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu mtu akiambiwa asogeze taimingi digrii 10 za krenki, anatakiwa kuzungusha kiwiliwili cha distribyuta digrii 5 tu. Nimewaona wengi wakizungusha mara mbili ya kinachotakiwa, kisha wakalaumu mafuta.

#4 Fundi Mstaafu
Nimekubali marekebisho. Mkono ulikimbia kuliko kichwa.

#5 Dada wa Gereji
Kabla hatujafunga kesi, naomba tuutazame upande wa pili. Gia ya kamshafti na gia ya distribyuta ya aina hiyo zina meno ya mshazari, kwa hiyo distribyuta haishuki ikiwa imetulia. Inaposhuka, rota huzunguka, na inapochomolewa hurudi upande wa pili. Ndugu Spana Kumi amesema aliirudisha "rota ikitazama namba moja". Je, ilikuwa inatazama namba moja kabla haijashuka, au baada ya kukaa? Kama ni kabla, basi ilipokaa ilikuwa imeshapita, na iko nje kwa jino moja. Ndiyo maana mimi huchora alama mbili za rota: moja distribyuta ikiwa imekaa mahali pake, na ya pili pale rota inaposimama gia zinapoachana. Ya pili ndiyo ninayoanza nayo wakati wa kurudisha.

#6 Sikio Halidanganyi
Jino moja ni digrii chache tu, hilo unalimaliza kwa kuzungusha kiwiliwili huku ukisikiliza mlio. Mimi sijawahi kumiliki taa ya taimingi, na magari yanaondoka.

#7 Kipimo Kwanza
Digrii chache? Chukua gia yenye meno 13, ambayo si ya ajabu kwenye distribyuta. Gawanya 360 kwa 13, unapata karibu digrii 28 za distribyuta, na kwenye krenki hizo ni kama 55. Kwa injini yenye cheche inayotakiwa kuruka digrii 10 hivi kabla ya pistoni kufika juu, kosa la 55 si la kusikiliza kwa sikio. Kuzungusha kiwiliwili kunaweza kulifidia kama kuna nafasi, lakini mara nyingi kile kikombe cha vakyumu kilicho ubavuni, kinachowahisha cheche kwa mvuto wa hewa ya injini, hugonga bloku au bomba kabla hujafika.

Kuhusu magari yanayoondoka, hatujaambiwa kama yanarudi.

#8 Dizeli Daima
Sisi wa dizeli tunasoma uzi huu huku tukinywa chai. Hatuna rota, hatuna plagi za cheche, hatuna koili.

#9 Fundi Mstaafu
Mna pampu ya sindano, nayo ina alama zake na taimingi yake. Siku ikikaa vibaya tutawakaribisha humu.

#10 Spana Kumi
Nashukuru kwa majibu. Dada wa Gereji, nakiri kwamba sikumbuki kama niliiangalia rota kabla au baada ya kushuka. Nakumbuka tu kwamba ilikataa kushuka milimita kama nane za mwisho, nikakaza boliti ya kishikio hadi ikaingia.

Niambieni pia nithibitisheje hatua ya kugandamiza bila kufungua kichwa cha injini.

#11 Dada wa Gereji
Hiyo sentensi ya boliti imenishtua. Distribyuta ikigoma mwishoni, maana yake gia zimeshikana lakini ncha ya chini haijakutana na ulimi wa pampu ya oili. Kuivuta kwa boliti kunaweza kupasua kishikio, kupindisha shafti ya pampu au kung'oa ncha ya jino. Njia sahihi ni kuichomoa tena, kuingiza bisibisi ndefu kwenye tundu, kuuzungusha ulimi wa pampu kidogo, kisha kujaribu upya mpaka ishuke kwa uzito wake. Unapoichomoa, kagua meno ya gia chini ya mwanga. Kama injini ikiwaka na taa ya oili isizimike, zima papo hapo.

#12 Fundi Mstaafu
Kichwa hakifunguliwi. Toa plagi zote nne ili krenki izunguke kwa wepesi, toa waya wa hasi wa betri, ziba tundu la plagi namba moja kwa kidole gumba, kisha mtu mwingine azungushe krenki kwa spana kufuata upande wake wa kawaida. Pistoni inapopanda kugandamiza, hewa itakisukuma kidole chako hata ukikibana. Endelea polepole hadi alama ifike sifuri, hapo ndipo.

Kama hukiamini kidole, fungua kifuniko cha valvu. Kwenye mpangilio wa kuwaka silinda wa 1-3-4-2, namba moja inapokuwa tayari kuwaka, valvu za silinda ya nne ndizo zinazopokezana: ya moshi inamalizia kufunga na ya hewa inaanza kufunguka, wakati zile za namba moja zote zimefunga na mikono yake ina uchezo mdogo. Ukikuta ni kinyume, zungusha krenki duara moja kamili.

#13 Mpita Njia
Mimi huchomeka kipande cha karatasi kwenye tundu la plagi. Kikiruka, najua ni mgandamizo.

#14 Kipimo Kwanza
Kwenye hatua ya kuvuta hewa, karatasi hiyo hiyo inaweza kuingia ndani. Kidole hakiingii.

#15 Spana Kumi
Nimerudi na matokeo. Nilikaa na kidole kwenye tundu huku mdogo wangu akizungusha, safari hii kwa amri yangu. Alama ilipofika sifuri mara ya kwanza, sikusikia chochote. Kidole kilivutwa kidogo tu baadaye. Tukaendelea, na nusu duara kabla ya sifuri ya pili hewa ilianza kukisukuma kidole kwa nguvu hadi ikatoka kwa sauti kama ya kubusu. Alama ikakaa sifuri. Nikafungua kifuniko cha distribyuta: rota ilikuwa inatazama mguu wa namba nne, upande wa pili kabisa.

Kwa hiyo mzee wa #2 alikuwa sahihi, na koili naiomba radhi. Nilichomoa, nikakagua gia ambayo ni nzima, nikauzungusha ulimi wa pampu, na safari hii imeshuka yenyewe. Ila nimeirudisha vilevile ilivyokuwa kinyume, nikahamisha nyaya zote nne za plagi kwenye kifuniko kwa miguu miwili. Injini imewaka kwa mpigo wa kwanza na taa ya oili imezimika.

#16 Fundi Mstaafu
Kwa nini, ndugu yangu, kwa nini? Ulikuwa umeshaishika mkononi!

#17 Sikio Halidanganyi
Tatizo liko wapi? Cheche haijui namba iliyoandikwa kwenye kifuniko. Mradi mpangilio wa kuwaka umefuatwa na upande wa mzunguko wa rota haukukosewa, injini itakwenda vilevile.

#18 Dada wa Gereji
Kwa injini ni kweli kabisa, na sipingi. Tatizo ni fundi atakayefuata, ambaye ataweka nyaya kama kitabu kinavyosema na kuturudisha kwenye #1. Tena upande wa mzunguko haufanani kwa magari yote. V8 ndogo ya Chevrolet yenye mpangilio wa 1-8-4-3-6-5-7-2 huzungusha rota kufuata saa, ilhali Ford 302 yenye 1-5-4-2-6-3-7-8 huizungusha kinyume cha saa. Volkswagen ya mgongo wa kobe nayo ina 1-4-3-2, na ukingoni mwa distribyuta kuna mkwaruzo mdogo unaoonyesha namba moja, hivyo huhitaji hata kuuliza. Anayepanga nyaya kwa mazoea ya gari lake la zamani hukesha.

#19 Honda ya Jirani
Samahani kwa kuingilia. Distribyuta yangu iko mwishoni mwa kamshafti, na ulimi wake hauko katikati kabisa, kwa hiyo unaingia kwa namna moja tu. Je, mimi niko salama?

#20 Kipimo Kwanza
Upo salama dhidi ya kosa la digrii 180, ingawa nimeona watu wakilazimisha kwa nyundo. Hupo salama dhidi ya mkanda wa taimingi kuruka jino, kwa sababu kamshafti ikichelewa, distribyuta inachelewa pamoja nayo. Na kama cheche yako inaendeshwa na kompyuta, usipime hivi hivi. Mfano, kwenye injini ya Toyota 4A-FE unaunganisha kwanza vituo vya TE1 na E1, ndipo unapima digrii 10 kwenye mzunguko wa chini, yaani injini ikiunguruma bila kukanyagiwa mafuta. Bila hivyo kompyuta inaendelea kusogeza cheche wakati wewe unasogeza distribyuta, na mtakimbizana mpaka jioni.

#21 Spana Kumi
Narudi kwenye langu, maana halijaisha. Nimeazima taa ya taimingi, nikabana kishikio chake kwenye waya wa namba moja, nikachomoa bomba la vakyumu na kuliziba, nikaweka mzunguko wa chini. Kitabu kinadai digrii 10 kabla ya juu. Nikiiweka 10, gari linakuwa zito, na bomba la moshi linapata joto kuliko kawaida. Nikiizungusha distribyuta kinyume na mwendo wa rota hadi taa inasoma 18, gari linapanda vizuri sana, isipokuwa likiwa na moto starta hukwama kidogo kana kwamba mtu ameishika krenki. Nimwamini nani, kitabu au mguu wangu?

#22 Sikio Halidanganyi
Mguu. Nilisema toka mwanzo.

#23 Dada wa Gereji
Hiyo starta kukwama ikiwa na moto ndiyo injini yenyewe inakuambia cheche inawahi kupita kiasi: inasukuma pistoni chini kabla haijamaliza kupanda. Mimi bado naona kosa la jino.

#24 Kipimo Kwanza
Kwa heshima, dada, jino halielezi hili. Taa inapima cheche dhidi ya krenki. Haijali kiwiliwili kimegeuzwa wapi. Akisoma 10, ni 10 kweli, hata distribyuta ikiwa imekaa meno matatu pembeni, mradi alama ya puli ni ya kweli. Na hapo kwenye alama ndipo ninapotilia shaka. Puli nyingi zina ringi ya nje iliyogandishwa kwa mpira kwenye kitovu. Mpira ukichoka, ringi huteleza pamoja na alama yake. Huenda 18 ya taa ni 10 halisi.

#25 Fundi Mstaafu
Mimi nasema cheni ya taimingi imelegea. Cheni ikirefuka, kamshafti huchelewa, valvu huchelewa, gari huwa zito. Taa haiwezi kuona valvu. Ukiwahisha cheche unauficha uzito huo kwa muda, kama mtu anayeongeza chumvi kwenye mchuzi uliochacha.

#26 Mpita Njia
Je, kama ni yale mawe ya ndani ya distribyuta, vile vizito vinavyotanuka kwa mwendo na kuwahisha cheche? Yakiganda kwa kutu, cheche haiwahi kadiri mwendo unavyoongezeka, na gari linakuwa zito kwenye 10 kwa sababu linabaki na 10 hiyo hiyo hata likikimbia. Fungua kifuniko, zungusha rota kwa mkono kufuata mwendo wake, iachie. Inatakiwa irudi kwa springi. Kisha nyonya bomba la vakyumu kwa mdomo na uzibe kwa ulimi: bamba la pointi linatakiwa lisogee na libaki hapo. Likirudi, utando umetoboka.

#27 Pointi Sifuri Nne
Umekagua uwazi wa pointi? Kwa nyingi ni kama milimita 0.4. Uwazi ukipungua, pointi huchelewa kufunguka na cheche huchelewa.

#28 Kipimo Kwanza
Ni kweli huchelewa, lakini ameshapima kwa taa baada ya hapo, kwa hiyo uchelewaji huo umeshafidiwa. Anachotakiwa kukumbuka ni kuweka uwazi kwanza na taimingi baadaye, kwa sababu kila akigusa uwazi ameigusa taimingi pia.

#29 Spana Kumi
Nimefanya vipimo vitatu. Rota inarudi kwa springi, ingawa kwa uvivu. Vakyumu inashika. Kuhusu puli, nilitoa plagi zote, nikaweka kizuizi kwenye tundu la namba moja, nikaizungusha krenki kwa mkono taratibu hadi pistoni ikagusa, nikachora mstari kwenye puli. Nikairudisha upande wa pili hadi ikagusa tena, nikachora mwingine. Katikati ya mistari hiyo ndipo juu halisi. Iko milimita 4 kutoka kwenye alama ya kiwandani, na puli yangu ina kipenyo cha milimita 150.

Kisha nikajaribu na cheni: nikaichezesha krenki mbele na nyuma huku natazama rota. Puli inatembea milimita 7 kabla rota haijaanza kusogea.

#30 Kipimo Kwanza
Kwa kipenyo hicho, digrii moja ni milimita 1.3. Kwa hiyo alama imedanganya kwa digrii 3. Nilisema.

#31 Fundi Mstaafu
Ulisema nane, umepata tatu. Hizo milimita 7 ni zaidi ya digrii 5 za ulegevu. Cheni.

#32 Dada wa Gereji
Digrii 5 hizo ni cheni pamoja na uchezo wa gia pamoja na bushi za shafti ya distribyuta; huwezi kuzibebesha cheni peke yake. Spana Kumi, ukimulika taa, je, alama imetulia au inacheza?

#33 Spana Kumi
Inacheza. Inaruka huku na huku kama digrii mbili. Na nikiishika shafti ya distribyuta kichwani kwake na kuisukuma pembeni, uwazi wa pointi unabadilika ninavyoona kwa macho.

#34 Sikio Halidanganyi
Kwa hiyo mlikuwa mnabishana juu ya digrii tatu kwa kutumia kitu kinachocheza digrii mbili.

#35 Fundi Mstaafu
Leo umesema kweli, na imeniuma. Lakini cheni bado iko palepale.

#36 Spana Kumi
Nitaichomoa tena Jumamosi nibadilishe bushi, na nyaya nitazirudisha kama kitabu kinavyotaka. Dada wa Gereji, naomba unikumbushe: zile alama mbili za rota, ya kuanzia nayo ni ipi?

#37 Dada wa Gereji
Ile unayoichora baada ya gia kuachana. Na spana ya krenki utembee nayo mfukoni.